Karatasi tatu za damu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya

Waheshimiwa mawaziri wa afya na wa kazi, wakurugenzi wa hospitali, wajumbe wa kamati za bajeti,

Salamu kwenu nyote.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 19. Kazi yangu ni damu: kuipokea, kuihesabu, kuipaka kwenye kioo, kuitia rangi, kuitazama kwa hadubini. Wagonjwa wengi siwajui kwa sura, nawajua kwa chembe zao. Leo nawaandikia kwa ajili ya kijana mmoja niliyemjua kwa vyote viwili.

Alikuja dirishani kwetu amejiziba pua kwa pamba, na pamba imelowa. Miguuni, kuanzia vifundoni hadi magotini, alikuwa na vitone vyekundu vidogo kama ncha za sindano, vile ambavyo ukivibonyeza havipotei. Nilimtoa damu, kisha nikamkandamiza mkono kwa dakika 20 ndipo ikakata. Mashine ilipomaliza kuhesabu nilidhani imekosea, nikarudia. Haikuwa imekosea. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, zilikuwa 6,000 kwa mikrolita moja ya damu. Mtu mwenye afya ana kuanzia 150,000.

Nikapaka kioo. Kioo cha damu ya mtu mzima wa afya kimejaa, huna pa kupitisha jicho. Chake kilikuwa cheupe. Chembe nyekundu zimekaa mbalimbali, zimepauka. Nilisogeza kioo hatua kwa hatua nikitafuta chembe nyeupe hata moja, nikakuta mbili, baadaye ya tatu, na zote tatu si za aina ile inayomeza bakteria.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu kilikuwa ndani ya bahasha aliyoikunja mfukoni. Humo ndani mlikuwa na karatasi mbili za vipimo vya nyuma. Ya kwanza ilikuwa ya miezi minne kabla: wekundu wa damu 9.1, chembe nyeupe 2,900, chembe sahani 88,000. Mistari mitatu, yote chini. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu: upungufu wa damu, apewe vidonge vya kuongeza damu. Ya pili, ya miezi miwili kabla: 7.4, chembe nyeupe 1,800, chembe sahani 37,000. Vidonge vilevile, dozi imeongezwa. Ya tatu ndiyo niliyoitoa mimi. Hakuna aliyewahi kuzilaza karatasi hizo mezani zikatazamana.

Alifariki siku ya tisa, kwa homa. Alikuwa na miaka 23.

Hoja yangu naiweka hapa mapema. Magonjwa ya damu na uloto mara nyingi hujiandika kwenye karatasi ya kipimo cha kawaida kabisa, wiki na miezi kabla hayajaua. Kipimo kinafanyika. Majibu yanatoka. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa kuyasoma na utaratibu unaomlazimisha kuchukua hatua, na vitu hivyo viwili viko mikononi mwenu.

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Kwa mtoto mchanga karibu kila mfupa unatengeneza damu. Kwa mtu mzima kazi hiyo hubaki kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Humo hutoka chembe nyekundu bilioni 200 hivi kila siku, yaani zaidi ya milioni 2 kwa kila sekunde. Na lazima zitoke, kwa sababu zinakufa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Zile chembe nyeupe za kupambana na bakteria, nyutrofili, hukaa kwenye damu kwa saa tu.

Tafadhali zikumbukeni tarakimu hizo tatu. Uloto ukisimama leo, askari ndio wanaokwisha kwanza, kisha viziba jeraha, na wekundu hufuata polepole. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia hospitalini kwa miguu yake, anaongea vizuri, hajapauka sana, na huku ndani hana kinga yoyote. Anayemwangalia kwa macho tu atamwambia akae kwenye foleni. Kijana wangu alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri akisubiri faili, mwili unamchemka. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu asiye na nyutrofili ni dharura sawa na ajali, na antibiotiki ya mshipa inatakiwa iwe imeingia ndani ya saa moja.

Sasa nirudi kwenye neno lililomponza: upungufu wa damu. Tunalitamka kana kwamba ni jina la ugonjwa. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watoto 40 katika kila 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 30 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49. Kwa wengi wao uloto ni mzima, ila umekosa malighafi: madini ya chuma, foliki, vitamini B12. Au damu inapotea kwa hedhi nzito, kwa uzazi, kwa minyoo ya safura, au inavunjwa na malaria. Wenye kukosa chuma vidonge vinawafaa, na wapewe bila kuzungushwa. Lakini wingi wao umetuzoesha vibaya. Kila aliyepauka anapewa vidonge vilevile na kuambiwa arudi baada ya mwezi.

Mzee wa miaka 65 akikutwa ameishiwa chuma, swali la kwanza ni damu yake inapotelea wapi, maana huenda kuna uvimbe kwenye utumbo unaovuja kidogo kidogo. Mama ambaye figo zake zinashindwa kazi hatapona kwa vidonge vya chuma peke yake, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uloto utengeneze chembe nyekundu. Mtu mzima anayelalamikia mgongo mwaka mzima huku damu inashuka huenda ana mayeloma, saratani inayokaa ndani ya uloto na kuitafuna mifupa. Nimeona wanaofika na uti wa mgongo umeshabonyea, baada ya kuchuliwa kwa dawa za kupaka miezi na miezi. Na pale mistari yote mitatu inaposhuka pamoja, uloto wenyewe lazima uchunguzwe. Huenda ni B12 tu. Huenda ni maambukizi yaliyojificha. Huenda ni saratani. Kubahatisha hakumsaidii yeyote kati yao.

Ugonjwa wa kijana yule ulielezwa na daktari Paul Ehrlich tangu mwaka 1888. Uloto unakauka, na mahali pa chembe panakaa mafuta. Unaitwa anemia ya aplastiki. Mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili yenyewe: askari wake wanaugeukia uloto na kuushambulia, na ndiyo maana dawa za kutuliza kinga huwarudisha wengi kwenye uhai. Wachache wamezaliwa nayo, kama wenye ugonjwa ambao Guido Fanconi aliuandika mwaka 1927. Wengine huanzia baada ya homa ya ini. Na kuna wale ambao uloto wao umetiwa sumu.

Nilimuuliza kijana swali ambalo halikuwa limeandikwa popote kwenye faili lake: unafanya kazi gani? Akasema anabandika soli za viatu. Chumba kimoja, watu sita, dirisha limezibwa kwa maboksi, kopo la gundi liko wazi kutwa nzima. Miaka mitatu. Siwezi kuapa kwamba gundi ndiyo iliyoukausha uloto wake. Hakuna aliyepima hewa ya chumba kile kabla, wala baada ya kufa kwake. Hilo ndilo lalamiko langu, na hapa nawageukia hasa ninyi wa wizara za kazi.

Benzini si jambo geni. Ni kimiminika kinachotokana na mafuta ya petroli, kinapatikana ndani ya petroli yenyewe, na kimetumika sana kuyeyushia gundi, mpira na rangi. Mwaka 1897 nchini Uswidi iliandikwa habari ya wanawake wa kiwanda cha matairi ya baiskeli ambao uloto wao uliharibiwa na mvuke wake. Miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy wa Istanbul alionyesha kwamba mafundi viatu waliokuwa wakitumia gundi yenye benzini walipata saratani ya damu zaidi kuliko watu wengine. Mafundi viatu, waheshimiwa, kazi ileile. Mwaka 1971 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 136 unaohusu benzini: isitumike kuyeyushia vitu isipokuwa kwenye mitambo iliyofungwa au njia nyingine salama kiasi hicho, na wajawazito na walio chini ya miaka 18 wasifanye kazi inayowakutanisha nayo. Zaidi ya nusu karne imepita. Ni mara ngapi mkaguzi wa kazi ameingia kwenye karakana ndogo yenye watu sita? Viwanda vikubwa vina uzio na maofisa wa usalama. Sumu hii inawala walio vichochoroni, ambao hawana hata mkataba wa ajira wa kuonyesha walikuwa wapi wakati uloto wao unakufa.

Dawa nazo zimo. Kloramfenikoli imeokoa watu wengi, lakini tangu miaka ya 1950 inajulikana kwamba kwa mtu mmoja kati ya makumi ya maelfu inaweza kuukausha uloto moja kwa moja, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi. Ndiyo maana hutunzwa kwa wagonjwa mahututi wenye sababu ya kuihitaji. Kuiuza dirishani bila cheti kwa kila mwenye kuharisha ni kucheza na maisha ya mtu ambaye hatujui ni nani. Na mionzi: mwanasayansi Marie Curie, aliyeishika radiamu yenye mionzi kwa mikono yake, alifariki mwaka 1934 kwa anemia ya aplastiki. Walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 walianza kuonekana na saratani ya damu miaka michache tu baadaye, watoto wakiwa mstari wa mbele. Wafanyakazi wenu wa vyumba vya eksirei wapeni vipima mionzi vya kifuani, na mtu avisome.

Sitaki mtu aelewe kwamba kila mgonjwa ana mkosaji wake. Kwa watoto wengi wenye lukemia, yaani saratani ya damu, hatupati chanzo chochote. Ni kosa dogo kwenye jeni za chembe moja ndani ya uloto; chembe inakataa kukomaa, inazaana, inawajazia wenzake nafasi mpaka hawana pa kukaa. Nasema haya kwa sababu ya wazazi. Nimewaona wakikaa kwenye korido wakihesabu makosa yao mmoja mmoja: alianguka lini, nilimpa nini, nilichelewa wapi. Anayewapa majibu awaambie wazi kwamba hawakuusababisha. Maneno hayo hayahitaji bajeti.

Kuhusu selimundu nitasema zaidi, kwa kuwa hapa kila kitu kinajulikana na bado watoto wanatuponyoka.

Kosa ni moja tu, kwenye jeni ya hemoglobini, ule wekundu wa damu unaobeba oksijeni. Katika mnyororo wa beta, kipande cha sita kimebadilika: palipotakiwa kukaa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Basi. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja, anaishi kawaida, na hata hupata kinga dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 baada ya utafiti wake Afrika Mashariki. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, chembe nyekundu zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na zinakufa ndani ya siku 10 hadi 20 badala ya 120. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wana uwezekano wa 25 kwa 100 wa kupata mtoto mgonjwa, katika kila mimba, hata kama waliotangulia ni wazima.

Miezi ya mwanzo mtoto haonyeshi lolote, kwa sababu bado ana hemoglobini aliyotoka nayo tumboni. Kisha, baada ya miezi sita hivi, mama anamleta vidole vimevimba, mikono na miguu, analia akiguswa. Nimewaona wakipelekwa kutafutiwa alama ya kuumwa na mdudu. Wengu wake wakati huo umeanza kufa, na bila wengu bakteria wa nimonia humaliza mtoto kwa siku moja. Wengi hufa hivyo, kabla jina la ugonjwa halijatamkwa, na kwenye cheti huandikwa homa. Zaidi ya robo tatu ya watoto wa selimundu duniani huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara, na nusu au zaidi ya wasiogunduliwa mapema huko hawafikishi miaka mitano.

Kinga yake ni penisilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Penisilini, dawa ya zamani na rahisi kuliko karibu zote mlizo nazo ghalani. Hidroksiyurea, dawa nyingine ya selimundu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2019 utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ukathibitisha kwamba watoto wa Afrika wanaitumia kwa usalama: maumivu yanapungua, kuongezewa damu kunapungua, vifo vinapungua. Kugundua nako ni tone la damu ya kisigino, na vipo vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa dakika chache pale pale wodini. Nikisikia kwamba upimaji wa watoto wachanga uko kwenye mchakato, hujiuliza mchakato huo una urefu gani ukilinganishwa na umri wa mtoto aliyezaliwa leo.

Madhara ya magonjwa haya hayaishii kwa mgonjwa. Mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri, aliyekosa dawa ya kugandisha damu hupoteza goti, kisha shule, kisha kazi. Selimundu inaweza kumpiga kiharusi mtoto wa miaka sita, akaamka hawezi kusema, na kuna kipimo cha kichwa cha mawimbi ya sauti kinachoweza kuwatambua walio hatarini kabla hilo halijatokea. Anayeongezewa damu mara kwa mara, mwenye talasemia kwa mfano, ugonjwa mwingine wa kurithi wa hemoglobini, anaingiziwa chuma kingi kwa kila chupa, na mwili hauna mlango wa kukitolea, kinajikusanya kwenye moyo na ini. Kwa hiyo mkimpa damu bila dawa ya kuondoa chuma mmemwongezea miaka kwa mkono mmoja na kumpunguzia kwa mwingine. Nyumbani kwake mzazi mmoja ameacha kazi ili alale wodini, na ndugu zake wamekuwa wachangia damu wa kudumu wakiwa na umri wa shule.

Na damu yenyewe? Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kati ya chupa milioni 118.5 zinazochangwa kila mwaka, asilimia 40 zinachangwa kwenye nchi tajiri zenye asilimia 16 tu ya watu. Kwenye nchi maskini zaidi, nusu ya damu inakwenda kwa watoto chini ya miaka mitano. Chembe sahani hukaa siku tano tu, zikitikiswa kwenye joto la chumba, kisha zinamwagwa. Haziwezi kulimbikizwa kwa ajili ya dharura. Lazima kila siku awepo aliyekuja kuchangia. Kijana wangu alihitaji chembe sahani usiku wa siku ya sita. Tulikuwa na damu. Hatukuwa na mashine ya kuzitenganisha.

Najua baadhi yenu mna mpango wa kujenga kituo cha kupandikiza uloto. Ni tiba ya kweli. E. Donnall Thomas aliianza mwaka 1957 akashinda Tuzo ya Nobel mwaka 1990, na imewaponya kabisa watu ambao zamani tungewazika. Siipingi. Ila kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne tu ya kulingana na mgonjwa, na asiye na ndugu anayelingana hutafutiwa kwenye daftari la wachangiaji la dunia. Daftari la kwanza la namna hiyo lilianzishwa Uingereza mwaka 1974 na Shirley Nolan, akimtafutia mwanawe Anthony. Mtoto alifariki mwaka 1979 bila kupata, na daftari likabaki kuwaokoa wa wenzake. Leo madaftari ya dunia yana wachangiaji zaidi ya milioni 40, lakini kulingana kunafuata asili ya mtu. Katika daftari kubwa la Marekani, mgonjwa Mzungu ana uwezekano wa 79 kwa 100 wa kumpata mtu anayelingana naye kikamilifu. Mgonjwa mweusi, 29 kwa 100. Mkijenga jengo bila kuandikisha wachangiaji, litapokea wachache wenye bahati ya ndugu. Na mgonjwa atakayefika hapo baada ya karatasi tatu zisizosomwa, akiwa na maambukizi mwilini na ameongezewa chupa 30 za damu, ndiye atakayekuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupona.

Kwa hiyo naomba muanze chini. Agizeni kwamba picha kamili ya damu yenye viwango vya hatari isiishie kwenye trei ya majibu: maabara impigie simu daktari, jina lake na saa viandikwe, na asipopokea apigiwe mwingine. Kila hospitali inayopima damu iwe na walau mtu mmoja anayeweza kusoma kioo, kwa sababu mashine inahesabu tu, haijui chembe changa ya lukemia ina sura gani. Mashine zetu ziwe na kumbukumbu za mgonjwa, ili anayetoa jibu la leo aone la miezi miwili nyuma. Nyutrofili zikiwa chini ya 500 na homa ipo, mgonjwa asipange foleni ya faili. Penisilini na hidroksiyurea zisikatike hata wiki moja, na kila mtoto anayezaliwa pale selimundu ilipo apimwe kabla hajatoka wodini. Kwenye faili la kila mgonjwa wa damu uwekwe mstari wa kuandika kazi yake na kemikali anazoshika, na mstari huo uwe na mahali pa kwenda: kwa mkaguzi wa kazi, atakayefika pale na kifaa cha kupima hewa.

Shirika la Afya Duniani lilijiwekea mwaka 2018 lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wenye saratani duniani wawe wanapona. Kwenye nchi tajiri wanapona zaidi ya 80. Kwenye nyingi za kipato cha chini na cha kati, chini ya 30. Saratani inayowapata watoto kuliko zote ni lukemia. Inaanza na karatasi ileile, ya mistari mitatu.

Mimi pia nina sehemu yangu. Karatasi ya pili ya kijana yule, ile ya chembe sahani 37,000, ilitoka kwenye mashine yetu. Siku hiyo nilikuwa zamu, na sahihi iliyo chini yake ni yangu. Niliitoa kwa sababu mashine ilikuwa imefanya kazi sawasawa na hapakuwa na kitu kilichoniambia niipigie simu. Sasa kipo, nimekiandika mwenyewe kwa mkono na kukibandika ukutani juu ya mashine, viwango na namba za simu za wodi. Katika miezi 11 tumepiga simu 43. Wenzangu wa zamu ya usiku wanaifuata. Lakini ni karatasi tu ukutani. Nikihamishwa itabanduliwa siku watakapopaka rangi.

Wale watano waliobaki kwenye kile chumba cha gundi, wawili nimewashawishi waje wapimwe. Mmoja chembe zake nyeupe ziko 3,100. Atarudi wiki ijayo. Tarehe nimeiandika kwenye daftari langu, na kioo cha mwenzao nimekitunza kwenye sanduku, pamoja na nakala za zile karatasi tatu zilizofichwa jina. Nitavileta ofisini kwa yeyote kati yenu atakayeniita, siku na saa atakayopanga.

Wenu katika utumishi,

Mteknolojia wa maabara ya damu